Kisanduku cha Kabla ya Idi

Kwenye meza yangu ya kukatia nguo, hapa Rwezamenyo, kuna kisanduku ambacho zamani kilikuwa cheupe na sasa kina rangi ya chai ya maziwa. Nakitumia kukandamizia patroni za karatasi zisipeperuke mtu akifungua mlango. Wateja hawaishi kuniuliza ni kitu gani. Wasichana wa siku hizi wanadhani ni redio. Nikiwa na furaha nawajibu kwamba hilo ndilo jiwe la bei ghali kuliko mawe yote ya Kigali. Nikiwa nimeamka vibaya nawauliza, "Umekuja kupimwa gauni au kukagua meza ya watu?" Wananijua, wanacheka, tunaendelea na vipimo.

Kilikuwa kisanduku cha intaneti. Intaneti ya kasi, ya hewani, isiyohitaji waya wa simu kufika nyumbani kwako. Nilikinunua mapema mno, wakati wakubwa wa mambo hayo duniani walikuwa bado wanabishana mitambo ya namna ile itengenezwe vipi ili yote isikilizane. Na nilikinunua kwa sababu ya macho ya mama yangu.

Mama alikuwa na presha ya macho. Yeye mwenyewe alisema anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazidi kuwa dogo. Daktari alimpa dawa ya matone, akatuambia bila kuzunguka kwamba dawa itachelewesha tu, haitazuia, na kilichokwisha kuharibika hakirudi. Tulipotoka mama alisimama kwenye ngazi za hospitali, akanishika mkono. Nilidhani anaogopa kushuka.

"Nataka kumwona yule mtoto akicheka," aliniambia. "Nimwone kwa macho yangu haya. Baada ya hapo giza likija na lije, sina ugomvi nalo."

Mtoto mwenyewe alikuwa Ubelgiji. Ni binti wa mdogo wangu, na sisi tumezaliwa wawili tu. Mdogo wangu aliolewa kule na kijana Mwislamu ambaye wazazi wake waliondoka Kigali zamani, na karatasi za ukaazi za mdogo wangu zilikuwa hazijakamilika, kwa hiyo hakuweza kuja. Picha ya mtoto tulikuwa nayo, ile ya siku za mwanzo, amefungwa blanketi, amelala. Mama aliishikilia karibu na pua, akaigeuza huku na huku, kisha akanirudishia. "Hii ni picha ya mtoto yeyote," alisema. "Watoto wote wakilala ni hivi."

Tulikuwa na kompyuta. Mdogo wangu alitutumia laptopu iliyotumika, mtu akatuletea kwenye begi lake. Kilichokosekana ni intaneti ya kubeba sura ya mtu. Nilijaribu kwenye duka la intaneti la mtaani, nikaona mdogo wangu ameganda mdomo wazi huku sauti yake ikiendelea bila yeye, mtoto amekuwa vijumba vijumba vya rangi. Kumpeleka mama pale lilikuwa jambo la kusahau. Akae kwenye kiti cha plastiki, pembeni vijana wanatazama mieleka? Thubutu!

Inabidi nieleze kidogo mama yangu ni mtu wa namna gani. Babu yake alitoka pwani na biashara ya nguo, akafika huku milimani, akaoa, hakurudi tena. Damu ya pwani imechujwa mara nyingi tangu hapo, lakini adabu mama alizishika zote. Mgeni hazungumzishwi mlangoni. Chai haitolewi bila kitafunwa. Na mkwe haonwi ovyoovyo, hasa mara ya kwanza. Mara ya kwanza watu wawili ambao watoto wao wameoana wanapokutana, panaandaliwa, panavaliwa, na mwanamume wa ukoo ndiye anayefungua mazungumzo. Hapa Kigali hata wasio Waislamu wanayo hayo, na wao wanayachukulia kwa uzito kuliko sisi.

Sasa harusi ya mdogo wangu ilimwachia mama donda. Posa ilifanyika kwa simu. Mjomba, kaka yake mama, anayeuza vipuri vya magari Kimisagara, alikaa sebuleni kwetu na kanzu yake, akapiga kelele "tumekubali, tumekubali!" kwa sababu upande wa pili hawakumsikia. Mama alikuwa chumbani analia. "Nimempeleka mwanangu kama watu wanavyopeleka kifurushi kwa basi," alisema. Tangu siku hiyo aliapa kwamba siku atakayokutana na mama mkwe wa mwanawe, hata iwe wapi, patakuwa na heshima zote ambazo harusi ilikosa. Na huyo mama mkwe aliishi nyumba moja na mdogo wangu.

Basi kampuni moja mjini ikaanza kuuza intaneti ya hewani. Unafungiwa antena juu ya paa, inatazamana na mnara ulioko kilima cha ng'ambo, na waya mfupi unashuka hadi kwenye kisanduku ndani ya nyumba. Nilikwenda ofisini kwao na maswali yangu. Fundi wao, baba mmoja mwenye sharubu nene, alikuwa mkweli hadi nikamkasirikia.

"Mama, mimi sipendi ulie kesho," aliniambia. "Hii masini iko ya mwanzo kabisa. Kule Ulaya na Amerika bado wako kwenye mikutano, hawajakubaliana viwango. Siku watakubaliana, kampuni itabadilisha mnara, na hii kisanduku yako inaweza kukataa kusikilizana na mnara mupya."

"Watakubaliana lini?"

"Nani anajua? Mwaka moja. Miaka miwili. Wengine wanasema ngoja."

Nilimwelewa vizuri sana. Mimi ni fundi cherehani. Najua maana ya kununua mashine nzuri ambayo bobini zake haziuzwi sokoni. Lakini mimi sikuwa nanunua miaka. Nilikuwa nanunua alasiri moja, ya mama kukaa kwenye kochi na kumwona mtoto akicheka. Nikamwambia aniandikie risiti.

Nyumbani mume wangu alinicheka. Yeye alikuwa dereva wa mzee mmoja wa Nyarutarama, mtu wa kompyuta na safari, na kila alichosikia kwenye gari alituletea mezani. "Wewe mwanamke, bosi wangu iko na ghorofa na bustani inafika ziwani, na yeye amesema anangoja viwango vikamilike. Wenye nacho wanangoja, wewe na sindano yako unakimbilia wapi? Utauziwa mbuzi kwenye gunia."

"Bosi wako ana mama anayepofuka?" nilimuuliza.

Akachukua sahani yake, akaenda kumalizia chakula nje. Siku ya pili yake akanisaidia kumbebea mnunuzi mashine yangu ya ovaloki, maana niliiuza hiyo nipate pesa ya kisanduku. Tangu hapo nguo zangu nikawa napeleka kwa jirani kufungiwa pindo, na jirani hakukosa neno la kuniuma kila nilipofika. Niliyameza yote. Nilijiambia ni ya muda.

Yule fundi alikuja Jumamosi, umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, ulipokwisha na watu wakarudi na majembe yao. Alipanda juu ya paa, akaizungusha antena taratibu huku akiniuliza kwa sauti taa za kisanduku zimewaka ngapi. Watoto wa mtaa walijaa uani. Taa ya mwisho ilipokuwa ya kijani nilipiga kigelegele, jirani akadhani kwetu kuna harusi. Nikafungua laptopu, nikampigia mdogo wangu papo hapo.

Wallahi, sitasahau. Alitokea mzima, na shingo yake na mkono wake na ukuta wa nyuma yake wenye saa. Tuliongea pamoja, tukacheka pamoja, hakuna aliyemsubiri mwenzake. Mtoto alikuwa mapajani kwake. Aliponiona alinikazia macho kwanza kama hakimu, kisha akacheka. Hakuwa na jino hata moja. Alicheka kwa uso wote, ufizi wote nje, kishimo kikaingia shavu la kushoto, na sauti yake ilijaza sebule yetu ya Rwezamenyo.

Nikaita, "Mama! Mama njoo, anacheka!"

Mama alikuwa anatoka jikoni. Alifika mpaka kwenye mlango wa chumba chake, ule unaofungwa kwa pazia tu, na kutoka pale akasikia sauti ya mwanamke mwingine ikisema asalaam aleikum. Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni ya mdogo wangu, na ushungi wake umekaa sawasawa. Mama aliingia nyuma ya pazia kama mtu aliyekutwa anaoga.

"Mwambie nasalimu," alinong'ona. "Mwambie nitatoka siku yenyewe."

"Mama, ni dakika moja. Mtoto anacheka."

"Nimevaa kanga ya jikoni, wewe! Nina harufu ya vitunguu! Ndivyo mkwe anione mara ya kwanza?"

Harufu ya vitunguu, na mtu mwenyewe yuko Ubelgiji! Nilitaka kucheka na nilitaka kupiga kelele. Mtoto aliendelea kucheka, na miguu ya mama niliiona chini ya pazia, ya peku, imesimama pale pale bila kusogea mpaka simu ilipokwisha. Mimi nilikaa kwenye kochi, na pazia lilikuwa nyuma ya bega langu. Ningeweza kunyoosha mkono nikalivuta. Lakini mtu hamfunui mama yake mbele ya wakwe, sikulelewa hivyo, na mkono wangu haukuinuka.

Jioni yake tulizozana. Nilimwambia macho yake hayamsubiri mtu. Akasema daktari hakutaja mwezi wala mwaka. Nikamwambia mdogo wangu anaweza kuichukua laptopu akaenda nayo jikoni kwake, mkwe asijue, mama amwone mtoto kimya kimya. Hapo ndipo alikasirika kweli.

"Nimwone mjukuu wangu kwa wizi? Nimwibe? Kwani nimemkosea nani?" Kisha akatulia, akasema kwa upole ambao ulinishinda nguvu, "Tutafanya Idi. Mjomba wako atakuja na kanzu, tutapika, tutapaka rangi sebule. Tukutane kama watu. Nitampokea mtoto na bibi yake wa pili siku moja. Mwezi wa Ramadhani uko mlangoni, mwanangu, si mbali."

Kweli haikuwa mbali. Hata mdogo wangu aliposikia alifurahi, na mkwe wake akatuma salamu kwamba na yeye atajiandaa. Nilipiga moyo konde. Nilijiambia kisanduku kina mwaka mzima au zaidi, fundi mwenyewe amesema.

Ramadhani nzima nyumba yetu ilikuwa ya maandalizi. Mume wangu alipaka rangi sebule, ya manjano, kwa kuwa mama alisema rangi nyingine zinamkimbia. Mimi nilimshonea gauni refu la bazini ya kijani, ile bazini inayong'aa, na tarizi ya mkono shingoni. Wakati wa kumpima alikaa kwa subira kama bibi arusi. Alipapasa tarizi kwa vidole. Aliuliza, "Kwenye kompyuta itaonekana hii?" nikamwambia itaonekana, maana intaneti yetu si ya kubahatisha.

Na mimi kila baada ya siku chache nilimpigia mdogo wangu, nikamwona mtoto anavyokua. Nilimtafuta mama nimsimulie: anakaa mwenyewe sasa, amejua kupiga makofi, ana kile kishimo. Mama aliinua kiganja kunizuia.

"Usinisimulie. Utaniharibia. Nitamwona mwenyewe."

Nilikuwa naona alivyokuwa anamwaga chai pembeni ya kikombe. Alianza kuhesabu ngazi kwa mguu. Nilimwambia tena asingoje, akasema, "Idi," kama vile Idi ni dawa.

Ilikuwa ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani nilipokuta taa ya kisanduku nyekundu. Nilikizima, nikakiwasha. Nikamtuma mume wangu juu ya paa akatikise antena, akaitikisa. Nikaenda ofisini kwa miguu, na saumu yangu, jua la mchana. Yule fundi mwenye sharubu aliponiona alisimama. Alikuwa na uso wa mtu anayeleta habari ya msiba.

"Wamekubaliana, mama," alisema.

Viwango vilikuwa vimekamilika. Dunia nzima ilikuwa imekubaliana, na kampuni haikutaka kubaki nyuma; mitambo mipya ilikuwa imefika na mnara wetu ndio uliobadilishwa mwanzo. Visanduku vipya vilikuwa kwenye kontena, baharini au bandarini, hakuna aliyejua vizuri. Wiki chache, walisema. Wateja wa zamani watapewa bure. Sikujali bure yao. Niliomba jambo moja tu: wauwashe ule mtambo wa zamani siku ya Idi, alasiri, kwa muda wa watu kusalimiana. Dada wa mapokezi alitabasamu, alidhani natania. Nilimwambia maneno ambayo mtu aliyefunga hapaswi kuyasema, na yule fundi akanitoa nje taratibu akanishika bega.

"Nilikuambia," alisema, si kwa kunicheka. Aliumia na yeye.

"Uliniambia mwaka!"

"Mimi si Mungu, mama."

Idi ilifika. Hatukuwa na ujasiri wa kumwambia mama asivae. Alivaa gauni lake la kijani, akajifunga ushungi, akapaka wanja kwenye macho yale. Mjomba alikuja na kanzu na koti, na hotuba yake ameikariri. Pilau ilinukia mpaka barabarani. Tulimweleza mama kwenye kochi, mbele ya laptopu iliyozimwa, na sebule ilikuwa ya manjano kama ndani ya yai. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo leo hakuna sura," alisema.

"Hakuna, mama. Kuna sauti tu."

Tukapiga simu ya kawaida. Mjomba akatoa hotuba yake kwenye simu ya kubonyeza, tena kwa kelele, kama siku ya posa. Mama na mkwe wakaulizana hali, wakaombeana dua. Mtoto hakutoa sauti, alikuwa amelala. Mama alirudisha simu, akauliza kama wageni wote wamepata nyama. Usiku alilikunja gauni akasema tutangoja Idi ya pili, ile ya kuchinja.

Asubuhi moja kabla ya Idi hiyo nilikuwa nafagia sebuleni. Mama alitoka chumbani, akasimama kwenye pazia lake.

"Mbona mpaka saa hizi hamjafungua madirisha?" aliuliza.

Madirisha yalikuwa wazi yote mawili. Jua lilikuwa limempiga usoni. Ufagio ulinianguka, na mama akageukia ule mlio, kisha akasema "Alhamdulillah" kwa sauti ndogo, akarudi ndani akijishika ukutani.

Kisanduku kipya kilikuja baadaye, cheusi, kidogo, kizuri. Yule fundi alikifunga mwenyewe na hakunitazama usoni. Picha ilikuwa safi kuliko ya mwanzo mara nyingi. Tulimvika mama gauni lake, tukamkalisha, mjomba akasema maneno yake kwa utaratibu, na safari hii yalisikika yote. Mtoto alikuwa anatembea sasa, ameshikilia meza. Mama aliweka uso tayari, akatabasamu, lakini alitazama upande wa spika, na spika tuliiweka kushoto. Kule Ubelgiji mama mkwe alijifunika uso kwa ushungi akalia, na mama hakujua. Aliendelea kutabasamu akielekea ukutani. Mpaka leo nikikumbuka tabasamu lile roho inaniuma, inaniuma vibaya.

Miaka ikasogea. Simu za kioo zikaingia hata kwa wauza ndizi, na sura ya mtu ikawa kitu cha bure kinachoingia mfukoni. Mjukuu akajifunza kupiga mwenyewe. Mama hakukubali apigiwe sauti tu. "Niwashie ya picha," alisema, "mtoto anione." Ikisha kuwashwa, anaikamata simu na kuibandika sikioni, mazoea ya maisha. Ukimwambia aishike mbele anakubali, halafu baada ya maneno mawili imerudi sikioni. Kipaza sauti hakitaki, anasema mtaa mzima unasikia mambo yetu. Kwa hiyo yule mtoto alikua akimwona bibi yake sikio. Sikio na kipuli chake cha dhahabu, basi. Mdogo wangu alinitumia mchoro wa shuleni ambao binti yake alichora watu wa familia: mama, baba, bibi wa kule, na pembeni sikio kubwa peke yake. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha kicheko kikageuka.

Karatasi za mdogo wangu zilipotengemaa, walikuja. Mtoto alikuwa ameng'oka meno ya mbele. Alipokuwa uani akikimbizana na watoto wa jirani nilimsikia akicheka, nikachungulia dirishani: ufizi nje, kishimo shavu la kushoto, ni kile kile cha alasiri ile ya kisanduku. Nilishika dirisha kwa mikono miwili.

Mama alikuwa amevaa gauni la bazini. Nilikuwa nimelipunguza, maana amekonda. Tukamwita mtoto ndani. Aliingia na aibu, akamtazama bibi yake mzima kwa mara ya kwanza, halafu akaenda moja kwa moja akagusa sikio. "Ni yeye," alimwambia mama yake, na sote tukacheka, hata mama.

Kisha mama akaweka mikono usoni kwa mtoto. Alianza na paji, akashuka kwenye nyusi, pua, mashavu, vidole vinatembea polepole kama anatafuta pindo lililofumuka. Vilipofika mdomoni vikasimama.

"Sasa cheka, mjukuu wangu," alisema. "Cheka nikuone."

Mtoto alinitazama mimi. Alimtazama mama yake. Alijaribu, nashuhudia kwamba alijaribu. Alivuta midomo pembeni, lakini nani anaweza kucheka akiambiwa acheke, huku nyumba nzima imenyamaza na mikono ya mtu mgeni iko mdomoni? Midomo ikaanza kumtetemeka. Mama alisubiri. Vidole vyake vilisubiri pale pale mpaka machozi ya mtoto yakavifikia.

"Basi, basi, mama wee," alisema, akaiondoa mikono haraka, akaanza kumfuta kwa ncha ya ushungi wake. "Usilie. Mimi nilishakusikia ukicheka. Ulikuwa mdogo, hujui. Ulicheka vizuri sana siku hiyo. Nilikuwa hapo hapo nyuma ya pazia."

Mtoto akageuka akalitazama pazia. Ni lile lile, hatujalibadilisha. Mtu akiwa kwenye kochi akinyoosha mkono analifikia.

"Mbona hukutoka, Bibi?"

Mama aliuweka ushungi wake sawa. Mjomba alikohoa. Mdogo wangu akasema chai inapoa. Na mimi nikakumbuka kwamba sijaleta kitafunwa, nikaenda jikoni kukileta, na huko jikoni nikalia mpaka wakaja kuniita.